Breki ya Dada Mkubwa

3 Machi

Kwa Dada Mkubwa,

Kwa masikitiko makubwa, na baada ya kushauriana na wanafamilia wote waliokuwepo, natangaza kifo cha kochi la sebuleni, lililotutoka Jumamosi alasiri katika dakika za mwisho za mechi dhidi ya wageni. Marehemu alikuwa akiugua mguu wa nyuma kwa muda mrefu. Ameacha viti viwili na stuli moja. Chanzo cha kifo ni mimi. Refa alitunyima trai ambayo hata jirani asiyejua raga aliiona, nikaruka, na kuruka si kazi. Kazi ilikuwa kutua. Wifi yako alitoka jikoni, akatutazama wote wawili, mimi na kochi, akauliza ni yupi wa kutupwa.

Baada ya hayo, hamjambo huko? Sisi wazima. Wifi yako anakusalimu sana. Shemeji naye mgongo unaendeleaje? Na wanafunzi wako wa udereva, wameshagonga nini mwezi huu?

Najua ni rahisi zaidi kupiga simu, lakini tulishakubaliana. Tangu uliponikatia simu katikati ya sentensi kwa sababu ya winga ambaye hata wakati huo alikuwa ameshastaafu, simu ni ya misiba na harusi, raga ni ya barua. Karatasi haikatiki.

Sasa nisikilize. Tatizo la timu yetu ya taifa ni beki wa mwisho. Huyu mzee anayevaa namba kumi na tano anakimbia kama mtu anayetafuta funguo zake, na mpira wa juu ukimjia anautazama kama habari mbaya kutoka nyumbani. Lazima arithiwe, na warithi ni wawili. Wa kwanza ni Ngazi, yule kijana wa klabu ya hapa mjini, mrefu kiasi kwamba wazo likitoka kichwani kwenda miguuni linalala njiani. Wa pili ni mwanao. Sisemi hivyo kwa kuwa ni mpwa wangu. Si mimi niliyempa jina la Gundi, ni mashabiki wenyewe, kwa sababu mpira ukishamgusa umekwisha.

Mechi kubwa ya kimataifa tunayo mwezi wa sita, hapa hapa nyumbani. Kocha wa taifa alipita karakanani kwangu Jumatatu kuchukua kinga za meno za timu. Unaijua kazi yangu: asubuhi meno bandia ya wazee, mchana kinga za meno za wachezaji, na vumbi la plasta kutwa nzima. Kocha akikaa kwenye kiti cha wateja huongea kama yuko kwa kinyozi. Basi nikamwimbia Gundi mwanzo hadi mwisho. Alinisikiliza, au alisinzia macho wazi, sina hakika. Ila aliondoka akilitaja jina.

Unaweza kuanza kunishukuru.

Mdogo wako, mfiwa.

*

21 Machi

Mdogo wangu,

Pole kwa msiba. Kochi lilivumilia mengi, na nilikuwepo siku liliponunuliwa. Lilikuwa la watu watatu, si la mtu mmoja mwenye uzito wa watatu. Wifi nakusalimia, na usiruhusu huyo akae kwenye stuli.

Huku tuko salama. Shemeji yako mgongo umepoa, lakini bado anausingizia kila ukitajwa ufagio. Mwezi huu tumegonga nguzo moja na toroli ya mtu wa maji. Mwanafunzi alinishukuru kwa kukanyaga breki, nikamwambia asinishukuru, ndiyo maana gari letu lina breki mbili: moja ya anayejifunza, moja yangu.

Kuhusu beki wa mwisho, umekosea, kama kawaida yako. Ngazi ndiye wa kuchukuliwa. Ni mrefu, ndiyo, na mpira wa juu uko juu. Wewe unataka aufuate wapi, kwenye mashimo? Anasoma mchezo. Ana utulivu.

Gundi hayuko katika kiwango. Nakuambia mimi niliyekaa uwanjani kila wiki, si wewe unayemwangalia kwenye kioo cha simu huku ukitafuna. Tangu ile mechi ya mvua anachelewa kuanza kukimbia. Mipira miwili ya juu imemponyoka mfululizo. Mwambie kocha asije kupoteza nauli. Mwambie hivyo hivyo, kwamba ni mama yake amesema.

Yeye mwenyewe yupo, anakula, analala sana.

Dada yako.

*

4 Aprili

Dada,

Tumepokea barua yako tukiwa wazima wa afya, nikaisoma mara mbili nikitafuta mahali ulipoandika kwamba unatania. Wifi yako anakusalimu, na anasema hata yeye, ambaye hadi leo anaamini raga ni watu wanaogombania mto wa kulalia, ameona aibu kwa niaba yako.

Mama gani wewe? Nimefanya kazi na vinywa vya wachezaji miaka mingi. Mama zao huja nao hapa, wananiambia mtoto wao ndiye bora duniani huku mtoto mwenyewe amekaa hana meno manne ya mbele. Hiyo ndiyo kazi ya mama. Wewe unataka niende kwa kocha wa taifa nikamwambie, samahani, mzazi wa kijana ameleta malalamiko?

Eti anachelewa kuanza kukimbia. Ulipokuwa ukicheza mpira wa pete ulikuwa ukichelewa hata kufika uwanjani. Eti mipira miwili imemponyoka. Ngazi wako wiki iliyopita alidaka mpira vizuri sana, akageuka vizuri sana, akamkabidhi mpinzani. Huo ndio utulivu unaousifu, wa mtu aliyesahau amekuja kufanya nini.

Nina habari njema. Kocha alirudi kuchukua kinga ya namba nane, mwenye taya kama droo, nikamshika tena. Nikamwambia Gundi yuko moto. Amekubali kumtuma mtu aje huko kumtazama mechi tatu. Usimwambie kijana, asije akatetemeka. Nawe ukimwona mtu wa miwani ameshika kalamu jukwaani, tabasamu, na ikiwezekana usifungue mdomo.

Kochi tumelipeleka kwa fundi. Amesema atajaribu, ila hana ahadi.

Mdogo wako anayeitetea familia peke yake.

*

13 Mei

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Sisi ni wazima. Shemeji yako anakusalimu. Mwanafunzi mmoja, mwalimu mstaafu, ameingia na gari kwenye geti la shule aliyokuwa akifundisha. Tulicheka sote isipokuwa geti.

Mtu wako wa miwani alikuja. Nilimwendea mwenyewe wakati wa mapumziko, nikamwambia mimi ni mama wa namba kumi na tano, na kijana wangu si wa kiwango cha taifa. Alidhani namfanyia mzaha wa unyenyekevu. Akasema mama wa aina yangu ndio wanaozaa mabingwa. Ningekuwa naye garini ningekanyaga breki hadi kichwa chake kigonge kioo.

Naandika tena, soma taratibu. Mechi ya mwezi wa nne, baada ya mapumziko, Gundi alikwenda kusimama upande usio wake. Nahodha akamrudisha kwa mkono. Watu walicheka wakadhani anachekesha. Alifunga trai dakika chache baadaye, na mtu wako akaandika trai. Ule upande hakuuandika.

Nampinga kwa kuwa ninamtazama. Ngazi ndiye achaguliwe. Zaidi ya hapo usiniulize. Kuna mtu nilimwahidi jambo, na sisi kwetu unajua tulivyolelewa kuhusu ahadi.

Dada yako.

*

25 Mei

Dada Mkubwa, mshindwa,

Habari za huko? Sisi hatujambo, isipokuwa mimi nimezidi kutojambo. Majina yametoka. Namba kumi na tano: Gundi. Ngazi yuko benchi, miguu yake iko kwenye benchi la jirani.

Nimelisoma gazeti kwa sauti kwa kila mteja. Mzee mmoja aliyekuja kujaribu meno ya juu ilibidi asubiri hadi nimalize ukurasa. Aliyavaa, akatabasamu, nikachukulia kuwa amefurahia uteuzi.

Nimesoma ile habari ya kusimama upande usio wake. Dada, mimi nimeoa miaka yote hii na bado naingia chumba kisicho changu tukienda kwa wakwe. Kijana alikuwa na mawazo. Na huyo mtu uliyemwahidi, kama ni mama wa Ngazi, nitakuombea.

Gundi atafikia kwetu kabla ya kuingia kambini. Alhamisi ya pili ya mwezi ujao nitampima kinga ya meno, nitamtengenezea nzuri kuliko zote, yenye rangi mbili. Nimekuwekea tiketi karibu na yangu. Hujawahi kukosa mechi yake hata moja tangu akiwa na suruali za kufungia kamba. Sitegemei uanze leo kwa sababu tu nimekushinda.

Mdogo wako, mshindi.

*

2 Juni

Mdogo wangu,

Salamu kwa wifi. Hongera. Tiketi mpe mtu mwingine, sitakuja.

Ukimpima kijana, mpime polepole. Weka redio chini. Mpe nafasi aongee, na akiongea msikilize anachosema na alichokwisha kusema.

Dada.

*

22 Juni

Dada Mkubwa,

Hatujambo wote, na nyote nawasalimu. Magazeti yameandika kwamba Gundi aliondolewa kikosini kwa maumivu ya kifundo cha mguu. Sijui nani aliwaambia. Kifundo ndicho kiungo chake pekee ambacho hakijawahi kuwa na shida. Najua alikupigia simu akakuambia yuko salama, amepumzishwa, nawe ukasema haya, vizuri, ukaikata. Wifi yako alikuwa karibu na ile simu, anasema hukuikata kwa hasira. Kwa hiyo nakuandikia ilivyokuwa hasa. Ukitaka kucheka sehemu fulani, cheka, mimi mwenyewe nimo humo.

Alhamisi ile alikuja karakanani akiwa amependeza, begi begani. Akanishika mkono, akauliza, "Anti hajambo?" Nikamjibu wifi yako hajambo, ana mafua kidogo. Akakaa kwenye kiti, akatazama yale meno ya plasta yaliyopangwa rafuni, akauliza ya nani, nikamtajia vyeo vyao. Akacheka. Kisha akauliza Anti hajambo. Nikamwambia ana mafua, na nikamtania kwamba anampenda Anti kuliko mjomba. Nikaanza kukoroga rojo ya kuchukulia umbo la meno. Ile rojo haisubiri mtu; ukishaweka maji ni mbio. Niko katikati ya kukoroga, nyuma yangu nikasikia sauti ile ile, kwa upole ule ule, kama mtu anayeingia mlangoni sasa hivi: "Mjomba, Anti hajambo?"

Mkono ukasimama. Nikakumbuka barua yako ya mwisho. Nikakumbuka na ya mwezi wa tano.

Nikamjazia rojo kwenye kisinia, nikamtia mdomoni. Nilifanya hivyo kwa sababu rojo ilikuwa inaganda, na pia kwa sababu nilitaka kumwambia jambo asiweze kunijibu. Mtu mwenye kisinia cha rojo mdomoni hawezi kusema niko sawa. Barua zako nazihifadhi kwenye droo ya magego. Nikazitoa, nikamsomea zote, kwa mpangilio, kila mahali ulipomponda. Anachelewa kuanza kukimbia. Si wa kiwango cha taifa. Ngazi ndiye achaguliwe. Mwanzo alinikodolea macho kwa hasira, akanguruma kidogo. Nilipofika pale ulipomfuata mtu wa miwani jukwaani, akaacha kunguruma. Nilipofika kwenye ahadi, macho yakajaa, yakamwagika pembeni hadi masikioni, kwa kuwa kiti nilikuwa nimekilaza. Rojo ilishaganda kitambo. Nilikiacha kisinia humo makusudi hadi nilipomaliza.

Nilipokivuta kilitoka kwa sauti ya kiatu kinachong'oka topeni.

"Mama kaandika hayo?"

"Kaandika."

"Hakusema kwa nini?"

"Hata neno moja. Anasema kuna mtu alimwahidi."

Akajifuta kidevu muda mrefu, hata pasipo na rojo. Akasema, "Alikuwa ananipondea kwako ili nisichaguliwe."

Nikamwambia, "Alikuwa anakanyaga breki, mwanangu. Mimi ndiye niliyekuwa nakanyaga mafuta."

Ndipo akaniambia unayoyajua. Goti la mpinzani lililompiga kichwani kwenye mechi ya mvua. Lingine mwezi wa nne. Mwanga unaomchoma, usingizi usiokwisha, mipango ya mchezo aliyokuwa akiiandika kwenye bandeji ya mkononi ili asiulizwe. Na jinsi alivyokuapisha usimwambie mtu yeyote, si baba yake, si kocha, si mimi, hasa mimi, kwa kuwa alijua nimeshawatangazia wateja wote.

Kisha akaniomba. Mechi hii moja tu, Mjomba. Moja tu, halafu Jumatatu nakwenda mwenyewe hospitali.

Nitakueleza ukweli, kwa kuwa ndicho nilichokaa kuandika. Nilifikiri. Nilifikiri kwa muda wa kuosha bakuli na kijiko. Nilimwona akitoka kwenye mlango wa wachezaji na namba kumi na tano mgongoni, nikajiona mimi jukwaani nikiwaambia watu wa mbele, wa nyuma na wa pembeni kwamba yule ni mpwa wangu. Dada, ilikuwa picha nzuri sana. Bado naipenda. Nikageuka na bakuli langu safi kumwambia sijui nini, na sitajua kamwe nilitaka kusema nini, kwa sababu alinitangulia. Aliniuliza Anti hajambo.

Nikavua aproni. Sikumwambia twende. Nilifungua mlango nikasimama, naye akachukua begi lake.

Kwa daktari wa timu aliongea yeye mwenyewe, mimi nilikaa pembeni nikishika begi. Daktari alimsimamisha mguu mmoja macho yamefumbwa, akayumba. Akamwambia ataje miezi ya mwaka kinyumenyume. Alikwama kwenye wa tisa. Mimi nilijaribu kimyakimya nikakwama kwenye wa kumi, lakini daktari anasema mimi ni tatizo la siku nyingi. Kisha akaacha utani. Amesema ubongo umetikisika zaidi ya mara moja bila kupona katikati, na goti la tatu lingeweza kuwa la mwisho. Hataki aguse mpira msimu huu. Baada ya hapo atapimwa tena. Huenda atarudi, huenda hatarudi. Hakutupa ahadi, na nilimheshimu kwa hilo, ingawa pale nilimchukia.

Kocha alinipigia. Sikumlaumu mtu yeyote. Nilimwambia tu kwamba mwezi wa tatu mama wa kijana alinipa taarifa kamili za kiwango chake, nami nikazifikisha kinyume.

Mechi tulikwenda, yeye na mimi, akavaa miwani yangu ya jua. Alikaa kwenye kiti chako. Ngazi wako, na hili nalisema kwa ajili ya kumbukumbu za familia, aliudondosha mpira wa kwanza wa juu kama mtu aliyeletewa sufuria la moto. Gundi alifumba macho, lakini akasema, "Atatulia." Na kweli akatulia. Alidaka yote iliyofuata, akafunga na trai kipindi cha pili, na mwanao ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama. Tukafungwa kwa mkwaju wa mwisho. Refa alikuwa yule yule aliyeua kochi.

Tukiwa tunatoka getini akaniuliza tumetokaje. Nikamwambia tumefungwa. Akasikitika. Njiani, kabla hatujafika nyumbani, akauliza tena tumetokaje, nikamwambia tumefungwa, akasikitika upya, kana kwamba tumefungwa mara ya pili. Wifi yako aliyekuja kutufungulia alinitazama akajua.

Njoo umchukue, Dada. Anakuulizia, na hilo analiuliza kwa kukusudia. Anasema hakukasirikii, anasema siku akipona utamsifia angalau barua moja. Nami sina la kujitetea. Miezi mitatu ulikuwa ukikanyaga breki kwa nguvu zako zote, nami nimekaa pembeni yako nikidhani unapiga honi.

Ila nimalizie siku yenyewe. Tulikaa sebuleni, taa tumezipunguza kwa ajili ya macho yake, wifi yako akatuletea chai. Nilikaa kwenye kochi. Fundi amelitia mguu mpya. Gundi akapuliza chai yake, akauliza, "Mjomba, matokeo yalikuwaje?"

Nikaona siwezi kumfunga kijana huyu mara tatu kwa siku moja. Nikamwambia tumeshinda.

Akashusha kikombe. Akanitazama kwa yale macho yako ya kumtazama mwanafunzi aliyepita taa nyekundu.

"Mara mbili umeniambia tumefungwa."

Dada, sijawahi kushikwa uongo nikafurahi vile. Niliruka juu kwa nguvu zangu zote. Kochi limekufa tena.

Mdogo wako.